Mada ya Marudio: Oksijeni Katika Bwawa la Samaki

Mada hii inaunganisha mambo manne unayosoma katika Biolojia: upumuaji, usanisinuru, uozaji na uhusiano wa viumbe na mazingira yao. Bwawa dogo la samaki, la nyumbani au la shule, ni mfano mzuri kwa sababu mambo yote manne hutokea humo kwa wakati mmoja. Aidha, familia nyingi sasa zinafuga perege, sato au kambale nyuma ya nyumba, na hasara kubwa inayowapata ni ileile: jioni samaki walikuwa wazima, alfajiri wanakutwa wakielea tumbo juu.

Baada ya kupitia mada hii, mtahiniwa uweze:
(a) kueleza namna samaki anavyopata oksijeni majini;
(b) kutaja vyanzo vya oksijeni ya bwawa na watumiaji wake;
(c) kueleza kwa nini oksijeni hupanda mchana na kushuka usiku;
(d) kufanya hesabu rahisi ya oksijeni ya bwawa;
(e) kupendekeza hatua za kuokoa samaki na za kuzuia vifo, ukitoa sababu ya kila hatua.

1. OKSIJENI ILIYOYEYUKA

Kila molekuli ya maji ina atomu moja ya oksijeni, lakini samaki hawezi kuitumia hiyo. Atomu hiyo imefungwa kikemikali na atomu mbili za haidrojeni. Samaki hutumia gesi ya oksijeni iliyoyeyuka ndani ya maji, kama sukari inavyoyeyuka katika chai. Hupimwa kwa miligramu kwa lita moja ya maji (mg/L).

Maji hubeba oksijeni kidogo sana ukilinganisha na hewa. Katika nyuzijoto 25 za Selsiasi, lita moja ya hewa ina takribani miligramu 270 za oksijeni. Lita moja ya maji baridi (yasiyo ya chumvi) katika joto hilohilo hubeba takribani miligramu 8 tu. Kwa hiyo sisi tunaopumua hewa tuna akiba zaidi ya mara 30 ya ile aliyonayo samaki.

Joto nalo hupunguza kiasi hicho. Kwa maji baridi yaliyo usawa wa bahari, kiwango yanachoweza kushika yakiwa yamegusana na hewa ni hiki:

Nyuzijoto 15: 10.1 mg/L
Nyuzijoto 20: 9.1 mg/L
Nyuzijoto 25: 8.3 mg/L
Nyuzijoto 30: 7.6 mg/L

Zingatia: joto humbana samaki pande mbili. Maji yakipata joto hushika oksijeni kidogo zaidi, na wakati huohuo mwili wa samaki, ambao joto lake hufuata joto la maji, hufanya kazi haraka zaidi na kuhitaji oksijeni nyingi zaidi. Mtahiniwa anayetaja upande mmoja tu hupata nusu ya jibu.

2. SAMAKI ANAVYOCHUKUA OKSIJENI

Samaki hupumua kwa matamvua, ambayo wavuvi wengi huyaita mashavu. Hufungua mdomo, maji huingia, hufunga mdomo na kuyasukuma yapite kwenye matamvua hadi nje kupitia vifuniko vya pembeni mwa kichwa. Maji yanapopita, oksijeni huhama kutoka kwenye maji, ambako ipo kwa wingi, na kuingia kwenye damu, ambako ni kidogo. Kaboni dayoksaidi huhama kinyume chake.

Matamvua yamejengwa hivi ili kufanikisha kazi hiyo:
(i) yana nyuzi nyingi nyembamba, kwa hiyo eneo la kubadilishana gesi ni kubwa;
(ii) ngozi yake ni nyembamba mno, kwa hiyo gesi husafiri umbali mfupi;
(iii) yana kapilari nyingi za damu, zinazobeba oksijeni mara inapoingia;
(iv) damu hupita upande ulio kinyume na maji yanavyopita, kwa hiyo njia nzima ya matamvua maji huwa na oksijeni nyingi kuliko damu iliyo jirani nayo.

Samaki akitolewa majini, nyuzi za matamvua hushikamana na kuanza kukauka. Eneo la kubadilishana gesi hupungua sana, naye hufa ingawa amezungukwa na hewa yenye oksijeni tele. Swali hili hupenda kuulizwa.

3. VYANZO NA WATUMIAJI

Ichukulie oksijeni ya bwawa kama pesa ya duka dogo: kuna inayoingia na kuna inayotoka. Duka haliishi kwa mapato pekee, lazima uhesabu na matumizi.

Vyanzo ni viwili vikuu:
(a) Hewa. Oksijeni huingia kupitia uso wa maji. Huingia polepole maji yakiwa yametulia, na haraka zaidi maji yakichezwa na upepo, pampu, chemchemi ya bustani au maji yanayoanguka kutoka juu.
(b) Usanisinuru. Mwani na mimea ya majini, ikipata mwanga, hutumia kaboni dayoksaidi na maji kutengeneza chakula na kutoa oksijeni.

Watumiaji ni watatu:
(a) Samaki wenyewe.
(b) Mwani na mimea. Hivi navyo ni viumbe hai. Hupumua mchana na usiku.
(c) Bakteria wanaoozesha chakula kilichobaki, kinyesi, majani na samadi chini ya bwawa.

Watahiniwa wengi humkumbuka samaki peke yake. Utaona katika hesabu ya sehemu ya 5 kwamba samaki huenda asiwe mtumiaji mkubwa kuliko wote.

4. BWAWA KATIKA SAA 24

Hiki ndicho kiini cha mada. Mchana, mwani hutoa oksijeni nyingi kuliko inayotumiwa na viumbe vyote vya bwawani, hivyo kiwango hupanda. Jua likizama, usanisinuru husimama, lakini upumuaji wa samaki, mwani na bakteria hauna mapumziko. Kiwango hushuka saa baada ya saa, na hufikia chini kabisa muda mfupi kabla au wakati wa mapambazuko.

Takwimu zifuatazo zimetungwa kwa ajili ya zoezi. Zinahusu bwawa lenye maji ya kijani kibichi sana, katika nyuzijoto takribani 28:

Saa 12 asubuhi: 1.8 mg/L
Saa 3 asubuhi: 3.6 mg/L
Saa 6 mchana: 7.0 mg/L
Saa 9 alasiri: 9.8 mg/L
Saa 12 jioni: 8.2 mg/L
Saa 3 usiku: 5.9 mg/L
Saa 6 usiku: 4.2 mg/L
Saa 9 usiku: 2.9 mg/L
Saa 12 asubuhi inayofuata: 1.8 mg/L

Kwa perege, kiwango cha 5 mg/L au zaidi ni kizuri. Kikishuka chini ya 3 mg/L, samaki hula kidogo, hukua polepole na huugua kwa urahisi. Kikikaribia 1 mg/L na kubaki hapo kwa muda mrefu, vifo huanza.

Sasa fikiria mfugaji aliyepima maji yake saa 9 alasiri akakuta 9.8 mg/L. Ataondoka akiwa na furaha, na kipimo chake ni sahihi kabisa. Lakini bwawa hilohilo, saa 15 baadaye, lina 1.8 mg/L. Ndiyo maana oksijeni ya bwawa hupimwa alfajiri. Bwawa huamuliwa kwa saa yake mbaya kuliko zote, kwa kuwa samaki hahitaji kukosa oksijeni siku nzima ili afe.

Ona pia kwamba 9.8 mg/L inazidi kiwango ambacho maji ya nyuzijoto 28 hushika kwa kugusana na hewa, yaani takribani 7.8 mg/L. Hilo si kosa la takwimu. Ni dalili kwamba mwani ni mwingi mno na unazalisha oksijeni haraka kuliko inavyoweza kutoroka hewani. Kiwango kinachopanda sana alasiri huashiria kitakachoshuka sana alfajiri.

Siku za mawingu mazito hatari huongezeka. Mwani hupata mwanga kidogo, hutoa oksijeni kidogo, na bwawa huanza usiku likiwa na akiba ndogo. Mvua kubwa ya baridi inaweza pia kuchanganya maji ya juu na yale ya chini, ambayo kwa kawaida yana oksijeni kidogo sana kwa sababu ya uozaji.

5. HESABU YA OKSIJENI YA BWAWA

Mfano. Bwawa lina urefu wa mita 5, upana wa mita 4 na kina cha mita 1. Saa 12 jioni lina oksijeni ya 8 mg/L. Humo mna perege wenye jumla ya kilo 15, na kila kilo hutumia miligramu 300 za oksijeni kwa saa. Mwani na bakteria kwa pamoja hutumia 0.35 mg/L kwa saa. Chukulia kwamba usiku una saa 12 na kwamba hakuna oksijeni inayoingia kutoka hewani. Tafuta kiwango cha oksijeni saa 12 asubuhi.

Ujazo: 5 × 4 × 1 = mita za ujazo 20 = lita 20,000.
Oksijeni ya kuanzia: 20,000 × 8 = miligramu 160,000 = gramu 160.
Samaki: 15 × 300 = miligramu 4,500 kwa saa; kwa saa 12 ni gramu 54.
Mwani na bakteria: 20,000 × 0.35 = miligramu 7,000 kwa saa; kwa saa 12 ni gramu 84.
Jumla ya matumizi: 54 + 84 = gramu 138.
Inayobaki: 160 − 138 = gramu 22.
Kiwango: miligramu 22,000 ÷ lita 20,000 = 1.1 mg/L.

Samaki hawa wako hatarini. Je, mfugaji afanye nini? Linganisha njia mbili.

Njia ya kwanza: apunguze samaki nusu. Samaki watatumia gramu 27. Jumla ya matumizi ni 27 + 84 = gramu 111. Zinabaki gramu 49, sawa na 2.45 mg/L.

Njia ya pili: asipunguze samaki, bali apunguze nusu ya matumizi ya mwani na bakteria kwa kuondoa tope, kuacha kumwaga samadi na kutozidisha chakula. Mwani na bakteria watatumia gramu 42. Jumla ya matumizi ni 54 + 42 = gramu 96. Zinabaki gramu 64, sawa na 3.2 mg/L.

Njia ya pili imeokoa oksijeni nyingi zaidi bila kuuza samaki hata mmoja. Katika bwawa kama hili, uchafu na mwani ndivyo vinavyomaliza oksijeni kuliko samaki. Katika bwawa halisi oksijeni kiasi huingia kutoka hewani usiku, kwa hiyo kiwango hakishuki kwa kasi hii hasa, lakini mwelekeo ni uleule.

6. DALILI NA HATUA ZA DHARURA

Dalili za upungufu wa oksijeni:
(a) samaki wengi wako juu ya maji wakihema kwa midomo wazi, hasa alfajiri;
(b) wanakusanyika mahali maji mapya yanapoingilia;
(c) vifuniko vya matamvua vinapiga haraka haraka;
(d) wanakataa chakula;
(e) jua likipanda, wanarudi chini na kuonekana wazima.

Dalili (e) ndiyo inayotofautisha tatizo hili na magonjwa mengi. Pia ndiyo inayomdanganya mfugaji akadhani mambo yamekwisha, kumbe usiku unaofuata unakuja.

Hatua za kuchukua mara moja, na sababu zake:
(i) Ingiza maji safi yakianguka kutoka juu. Matone hugusana na hewa na kubeba oksijeni.
(ii) Washa pampu au yavuruge maji ya juu kwa ndoo. Eneo la maji linalogusana na hewa huongezeka. Usikoroge tope la chini. Bakteria na uchafu vitasambaa na kutumia oksijeni zaidi.
(iii) Acha kulisha. Samaki aliyeshiba hutumia oksijeni nyingi kumeng'enya chakula, na chakula kilichobaki huoza.
(iv) Acha kuweka samadi mpaka maji yapungue ukijani.

Usimwage dawa ya kuua mwani wote kwa mara moja. Mwani uliokufa hauzalishi oksijeni tena, na bakteria wanaouozesha hutumia oksijeni nyingi. Dawa hiyo inaweza kuua samaki wengi kuliko mwani wenyewe.

7. KUZUIA TATIZO

(a) Usijaze samaki kupita kiasi. Kwa bwawa lisilo na pampu, vifaranga 2 hadi 3 kwa kila mita moja ya mraba ni kiwango cha tahadhari.
(b) Lisha jua likiwa limepanda, kuanzia kama saa 4 asubuhi, na umalize mapema kabla ya jioni. Toa chakula kinachomalizika kwa dakika chache.
(c) Pima ukijani wa maji kwa mkono. Zamisha mkono ulionyooka mpaka maji yafike kwenye kiwiko. Vidole vikipotea kabla ya kiwiko kufika majini, mwani umezidi. Acha samadi na ubadilishe sehemu ya maji. Vikionekana wazi kabisa, chakula cha asili ni kidogo.
(d) Usiache magugu yafunike bwawa. Mimea inayoelea huzuia mwanga na upepo. Ziwa Victoria lilivamiwa na magugu maji kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980, na chini ya matandiko yake mazito oksijeni hupungua. Kanuni ya bwawa na ya ziwa ni moja.
(e) Ondoa majani yanayoanguka, na toa tope kila unapovuna.
(f) Pampu ikiwa na saa chache tu za umeme, iwashe usiku kuelekea alfajiri. Mchana wa jua mwani unafanya kazi hiyo bure.

8. MAKOSA YA KAWAIDA YA WATAHINIWA

Kosa: "Mimea hupumua usiku tu." Sahihi: mimea hupumua wakati wote, mchana usanisinuru huzidi upumuaji.
Kosa: "Mimea mingi bwawani ni oksijeni nyingi." Sahihi: ni nyingi mchana, lakini inaweza kuwa kidogo mno alfajiri.
Kosa: "Mapovu ya pampu ndiyo yanayovutwa na samaki." Sahihi: samaki hutumia oksijeni iliyoyeyuka, mapovu huchanganya maji na kuongeza eneo la kugusana na hewa.
Kosa: kutaja hatua bila sababu swali linaposema "eleza".

9. MASWALI YA MARUDIO

1. Eleza kwa nini samaki hufa wakitolewa majini ingawa hewa ina oksijeni nyingi. (Alama 3)
2. Kwa kutumia takwimu za sehemu ya 4, tafuta wastani wa kasi ya kushuka kwa oksijeni kati ya saa 12 jioni na saa 12 asubuhi. (Alama 2)
3. Bwawa lina perege na kambale. Alfajiri perege wote wamekufa, kambale wako hai. Eleza. (Alama 3)
4. Mfugaji alimwaga dawa ya kuua mwani siku ya mawingu. Baada ya siku mbili samaki walikufa. Eleza sababu mbili. (Alama 4)
5. Pampu ya shule inaweza kufanya kazi saa 4 tu kwa siku. Pendekeza saa hizo ziwe zipi, na utoe sababu. (Alama 3)

MAJIBU

1. Nyuzi za matamvua hushikamana na kukauka. Eneo la kubadilishana gesi hupungua. Oksijeni inayoingia kwenye damu haitoshi.
2. (8.2 − 1.8) ÷ 12 = 6.4 ÷ 12 = takribani 0.53 mg/L kwa saa.
3. Oksijeni iliyoyeyuka ilishuka sana usiku. Perege hutegemea matamvua. Kambale ana kiungo cha ziada juu ya matamvua kinachomwezesha kuvuta hewa kutoka juu ya maji.
4. Mwani uliokufa uliacha kutoa oksijeni, na mwanga hafifu ulipunguza zaidi usanisinuru wa mwani uliobaki. Bakteria waliouozesha mwani walitumia oksijeni nyingi.
5. Kuanzia saa 8 usiku hadi saa 12 asubuhi. Wakati huo hakuna usanisinuru, upumuaji unaendelea, na akiba ya oksijeni iko chini kabisa.

Kumbuka: swali lolote kuhusu oksijeni ya bwawa lijibu kwa kujiuliza mambo matatu. Inaingia kutoka wapi? Nani anaitumia? Ni saa ngapi? Jambo la tatu ndilo linalosahaulika mara nyingi, katika karatasi ya mtihani na kando ya bwawa.